Rudisha Pale Tulisevu

Likizo ya Desemba mwaka 2009 nilikuwa na kibanda cha gemu Gatwekera, Kibera, jijini Nairobi, hatua chache kutoka reli. Mabati pande zote, futi kumi kwa kumi, runinga mbili, mashine mbili, benchi mbili, na stima ya sambaza iliyokuwa ikipotea bila kuaga. Jioni palijaa watu wa mpira wa Winning Eleven na wa mapigano ya Tekken 3. Lakini asubuhi, mtaa ukiwa bado kwenye foleni za maji, walikuja vijana wanne waliokuwa wakichanga sarafu zao kununua saa mbili za gemu moja tu. Diski zake tatu nilizikuta kwenye mfuko wa mashine kuukuu niliyoinunua soko la Toi. Jina lake Final Fantasy VII.

Mmoja wao, wa kidato cha pili, alisoma Kiingereza kilichoandikwa kwenye skrini na kuwasimulia wenzake kwa Kiswahili cha mtaa, akibadilisha sauti kwa kila mhusika kama DJ Afro afanyavyo anaposimulia filamu. Mdogo wao, wa darasa la saba, ndiye aliyeshika padi. Gemu hii inakuruhusu kuwapa wahusika majina unayotaka. Yule msichana muuza maua, Aerith, kijana huyo alimpa jina jingine. Nilidhani ni la msichana wa ploti yao.

Siku ya tisa walifika kwenye jiji la kale lililohamwa. Msichana amepiga magoti juu ya jukwaa katikati ya maji, amefumba macho, anaomba. Shujaa Cloud anamkaribia. Hapo padi inaacha kukutii, isipokuwa kwa jambo moja: kila ukibonyeza, Cloud anainua upanga wake juu ya kichwa cha msichana. Kijana alibonyeza. Wenzake wa Cloud wakapiga kelele, upanga ukasita, msichana akafumbua macho na kutabasamu. Kisha adui yao, Sephiroth, akashuka kutoka juu na kumchoma mgongoni. Kijiwe cheupe kilichokuwa kwenye nywele zake kikaanguka, kikadunda ngazi baada ya ngazi hadi majini. Halafu pambano likaanza, na muziki haukubadilika kuwa wa vita. Ule wimbo wa pole wa msichana uliendelea kupiga hadi mwisho.

Kijana aligeuka akaniangalia. “Rudisha pale tulisevu,” akasema.

Nilimjibu, “Ni gemu tu, kijana wangu. Na saa zenu zimeisha.”

Aliweka padi kwenye benchi polepole, kama mtu anayeweka yai, akatoka. Kesho yake wenzake walikuja bila yeye, wakarudisha mara tatu. Mara tatu upanga ulishuka.

Mama yake, aliyekuwa akiuza mboga njia ya kwenda Olympic, alikuja kwangu mwisho wa wiki. Hakuja kwa ugomvi. “Ndugu yangu,” akaniuliza, “ni nini mtoto wangu aliona hapa? Hali, halali.” Nikamweleza, na nilipotaja jina alilopewa yule msichana, mama aliketi kwenye benchi. Lilikuwa jina la binti yake. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa homa, akiwa na miaka sita. Siku ile kijana alikuwa ameachiwa amwangalie, akatoka kidogo kwenda kucheza mpira.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya yale maneno niliyomwambia. Tangu wakati huo nimewaona vijana wengi, na watu wazima pia, wakiinuka kutoka kwenye gemu ya hadithi wakiwa na mzigo ambao hawakuja nao, na mara zote kuna mtu kando yao tayari kuwaambia kwamba ni gemu tu. Nataka kusema na wewe unayecheza, na mzazi, na mwenye kibanda, kuhusu la kufanya.

Kwanza tujue kinachoumiza. Filamu unaitazama. Riwaya unaisoma. Gemu ya aina hii unakaa nayo saa 40 hivi, na katika saa hizo wewe ndiye unayemvisha mhusika, unayemnunulia dawa, unayeamua asimame mbele au nyuma wakati wa vita. Aerith ndiye anayewaponya wenzake. Umezoea kwamba damu ikipungua, zamu yake ikifika, mtapona. Wako wachezaji wanaohangaika hadi wampatie uwezo wake mkubwa kuliko wote mapema kabisa, kazi ya saa na saa, na siku akifa uwezo ule unapotea naye. Ukifungua orodha ya wenzako, nafasi yake iko tupu. Ni kama kitanda kilichotandikwa ambacho hakuna wa kukilalia.

Waliotengeneza hadithi hii walijua wanachofanya. Hironobu Sakaguchi, aliyeuanzisha mfululizo wa Final Fantasy, amewahi kueleza kwamba mama yake alifariki wakati akitengeneza gemu ya tatu, na kwamba tangu hapo alikuwa akitafuta namna ya kusimulia uhai unakotoka na unakokwenda. Naye Yoshinori Kitase, mwongozaji wa ile ya saba, alitaka kifo kije ghafla, bila hotuba ya kuagana, kwa kuwa ndivyo watu wengi wanavyotutoka. Gemu ilitoka Japani Januari 1997, ikauzwa nakala zaidi ya milioni 10, na kwa miaka watu wa mataifa mbalimbali walihangaika kutafuta njia ya siri ya kumfufua yule msichana. Haipo. Kijana wa Gatwekera aliyesema “rudisha” alikuwa amesema walichokisema watu wengi sana.

Hapa kwetu kuna jingine. Mji ambao hadithi inaanzia, Midgar, umejengwa juu ya mabamba makubwa ya chuma yaliyoinuliwa kwa nguzo. Wenye pesa wanakaa juu wakiota jua. Maskini wanakaa chini ya bamba, mahali ambapo ukitazama juu unaona chuma. Treni inapita kati ya huku na kule. Kampuni ya stima, Shinra, ndiyo inayotawala kila kitu. Mtoto aliyekulia Kibera, huku reli, kule uwanja wa gofu wa Royal Nairobi na nyasi zake zinazomwagiliwa, haelezwi hilo mara mbili. Na mapema kwenye hadithi, Shinra inaliangusha bamba la Sekta ya 7 juu ya watu wanaoishi chini yake, kisha lawama inatupiwa wapinzani wake. Bamba lilipoanguka, kibanda changu kilikuwa kimya kabisa. Kisha yule msomaji wetu wa kidato cha pili akauliza, “Kwani hawakupewa notisi?”

Swali lile nililikumbuka Julai 2018, tingatinga zilipoingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang’ata. Maelfu ya watu walibaki nje na vitu vyao, na shule zikalala chini. Ukiwa umewahi kutoka nyumbani na godoro kichwani huku mashine ikinguruma nyuma yako, au ulikuwa mtaani mapema 2008 nyumba zilipokuwa zikiungua baada ya uchaguzi, sehemu ile ya Sekta ya 7 itakugusa kuliko inavyomgusa kijana wa Tokyo. Haimaanishi usiicheze. Maana yake ni kwamba usiicheze peke yako usiku, na usishangae mikono ikitetemeka.

Sasa ushauri wenyewe. Naanza na majina, kwa sababu hapo ndipo nilipoona jeraha likifunguka. Gemu ikikuuliza mhusika aitwe nani, usimpe jina la mtu wako uliyemzika, wala la mgonjwa aliye hospitalini. Najua kwa nini watu hufanya hivyo. Ni raha kumwona mtu wako anatembea tena, anacheka, anakuponya. Lakini hujui mwandishi amempangia nini, na hadithi haitakuuliza tena. Mwachie jina lake alilokuja nalo. Na ikiwa umeshampa, na unasikia moyo unaanza kuogopa kila anapoingia hatarini, tafuta mtu aliyeimaliza hadithi, umuulize jambo moja tu: huyu atapona? Wapo watakaokwambia kwamba kuuliza hivyo ni kuharibu utamu. Mimi nasema utamu wa kushtukizwa si kitu mbele ya usingizi wako.

Chagua wakati. Gemu ya hadithi si ya wiki ya mtihani, na si ya siku arobaini za kwanza baada ya msiba, isipokuwa kama una mtu wa kukaa naye. Usianze sehemu nzito ukiwa umebakiwa na dakika kumi za pesa yako. Ukiona hadithi imeanza kutulia ghafla, muziki umeshuka, wahusika wanasema mambo ya mbali kama watu wanaojiandaa kwa safari, sevu kisha uhesabu muda ulio nao. Kama hautoshi, simama hapo. Kuna uchungu mara mbili katika kushtuliwa na kifo halafu kufukuzwa kwenye benchi, na nimeshasema nani alimfukuza nani.

Siku hizi wengi wanazicheza gemu hizi za zamani kwenye simu, kwa programu inayoiga mashine ya zamani. Njia hiyo ina mtego wake. Programu hizo zinakuruhusu kusevu popote na kurudi nyuma sekunde yoyote. Nimemwona mtu mzima, fundi wa simu, akirudi nyuma sekunde chache kabla ya upanga, tena na tena, usiku kucha, akijaribu kila kitufe. Sevu kwa njia ya gemu yenyewe, kwenye vituo vilivyowekwa na hadithi. Vituo vile vinakupumzisha na kukupa mahali pa kusimama. Na chaji simu yako kabla, kwa sababu stima yetu unaijua.

Halafu pigo likikupata, weka padi chini. Usikimbilie pambano linalofuata ili kusahau. Kama unalia, lia. Najua nasema hivyo kwa mtu anayeishi katika chumba kimoja na watu watano, ambapo jirani upande wa pili wa bati anasikia hadi ukikohoa. Faragha ya kulilia ni mali ambayo Gatwekera hatuna. Basi tembea. Panda hadi Olympic, ukate kuelekea Ayany, au nenda uwanja wa Kamukunji asubuhi kabla timu hazijaingia. Usiende kukaa kwenye reli. Ukiwa unatembea, jiulize kwa sauti, hata kama watu watakuangalia: ninamlilia nani? Mara nyingi jibu linakuja kabla hujavuka barabara, na mara nyingi jina linalokuja si la mhusika.

Ndiyo maana sikubali machozi hayo yaitwe ya kijinga. Wanafunzi wa Kenya walisoma Siku Njema ya Ken Walibora shuleni, na ninawajua wanaume wenye familia zao ambao bado wanakumbuka walikuwa wameketi wapi walipofika Zainabu Makame anapomwacha mwanawe, Kongowea. Hakuna mwalimu aliyewaambia ni kitabu tu. Waliambiwa waandike insha. Upande wa magharibi walikotoka wengi wa majirani zangu wa Gatwekera, mazishini mwanamume analia kwa sauti mbele ya ukoo wake na hakuna anayemcheka. Kwa nini kijana huyohuyo aone aibu akilia mbele ya runinga?

Jambo la kitufe nalitaja peke yake. Kijana aliporudi kwangu, wiki mbili baadaye, aliketi bila kushika chochote. Baada ya muda akasema, “Mimi ndiye nilibonyeza.” Nilichukua padi, nikaweka diski ya kwanza, tukarudi pale jukwaani kwenye ile sevu ya wenzake. Nikamwambia aangalie vidole vyangu. Nilibonyeza, Cloud akainua upanga, akasita, kama mara ya kwanza. Ukibonyeza haraka, ukibonyeza polepole, Sephiroth anashuka vilevile. Nikamwambia: hiki kitufe hakikumuua. Wamekiweka ili ujisikie kana kwamba mkono wako umo. Haumo. Nilikuwa ninasema kuhusu gemu, naye alikuwa akinisikiliza kuhusu kitu kingine, na mimi nilijua hivyo, naye alijua kwamba ninajua. Hatukutaja homa wala mpira. Kama una mtu anayejilaumu baada ya sehemu kama hiyo, mwonyeshe hivyohivyo, kwa mkono, kwenye mashine. Hotuba haimfikii.

Wengine watakuuliza kama ni vibaya kubaki na sevu ya zamani ambayo marehemu bado yuko hai. Mimi sioni ubaya. Kadi ya kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa na nafasi 15, na sevu moja ya gemu hii ilichukua nafasi moja. Kijana wetu aliiacha nafasi ya kwanza kama ilivyokuwa wiki moja kabla ya yale yote. Siku nyingine alikuwa akiifungua, anaingia mapambano mawili matatu wakiwa pamoja, anafungua orodha aone picha na jina, kisha anaifunga. Ilimchukua dakika tano. Halafu anahamia nafasi ya pili na kuendelea na safari. Sevu ile ilikuwa kama picha ukutani. Hatari ni mtu kuwa na nafasi moja tu, asikubali kuiacha, kila siku akiamka palepale. Mwambie afungue nafasi ya pili. Asiifute ya kwanza, ila afungue ya pili.

Na aimalize hadithi. Hili nalisisitiza, kwa sababu wengi huacha hapo, diski ya pili haiguswi, na wanabaki miaka na kifo bila yaliyofuata. Mara baada ya diski ya pili kuingia, safari inapanda kwenye theluji hadi kijiji kiitwacho Icicle Inn. Pale kuna nyumba yenye mashine ya kuonyesha kanda za zamani, na ndani ya kanda zile wamo wazazi wa Aerith akiwa mtoto mchanga. Unaweza kuipita nyumba ile bila kuingia. Usiipite. Ingia, keti, zitazame zote. Ni kama wakati ule baada ya mazishi shangazi anapotoa albamu na kuanza kusema marehemu alikuwa mtoto wa namna gani. Msomaji wetu wa kidato cha pili alizisoma kanda zile polepole, bila sauti za kuigiza. Baadaye ukirudi kwenye kanisa bovu alikokuwa akipanda maua, kwa kufumba na kufumbua unamwona amesimama pale, halafu hayupo. Na mwisho kabisa unagundua kwamba sala aliyokuwa akiiomba alipochomwa ndiyo iliyokuwa ikisubiri kufunguliwa ili dunia ipone. Mtu aliyeishia kwenye upanga hajui hayo.

Kwa vijana wa leo, kisa hiki kimetengenezwa upya. Sehemu ya kwanza ilitoka Aprili 2020, na ya pili, iliyo na jiji lile la kale, Februari 2024. Wengi hapa mtaani hawana mashine ya kuichezea, wanaitazama kwenye simu kwa bando. Kuitazama kunapunguza uchungu wa kitufe, lakini wimbo ni uleule. Na kama unatafuta hadithi ya namna hii iliyotoka Afrika, Kiro’o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016. Ningependa kuishi nione ya Kiswahili.

Mzazi, sasa nasema na wewe. Ukimkuta mtoto amenuna baada ya gemu, usianze kwa kumnyang’anya simu. Muulize, “Nani amekufa?” Swali hilo moja lilimrudisha mwana wa yule mama kwenye sahani yake. Alimuuliza wakiwa wanachambua sukuma, macho kwenye kisu, na mtoto akasimulia hadithi nzima tangu treni ya mwanzo hadi jukwaani. Mama hakuelewa nusu yake. Mtoto alipofika kwenye jina alilompa yule msichana, mama akamwambia, “Na mimi siku ile nilikuwa sokoni.” Hawakuwa wamewahi kulisema hilo nyumbani mwao mwaka mzima. Huhitaji kujua Sephiroth ni nani ili ufanye hivyo. Unahitaji kazi ya mikono ya kufanya pamoja, ili msilazimike kuangaliana, na uvumilivu wa kusikiliza majina ya kigeni.

Lakini msichanganye huzuni na utumwa. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa kushindwa kujizuia kucheza gemu. Uliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zake si machozi. Ni mtu kushindwa kuamua aanze lini na aache lini, gemu kupanda juu ya kila kitu kingine, na kuendelea hata maisha yanapoharibika, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 hivi. Kwa lugha ya mtaa: pesa ya karo imeingia kibandani, shule ameacha, anatoka nyumbani alfajiri kabla ya chai ili akwepe kila mtu, na ukimuuliza hadithi imefika wapi hawezi kukuambia, kwa sababu hasikilizi tena, anabonyeza tu. Kijana anayelia kwa ajili ya Aerith bado anasikiliza. Huyu wa pili ndiye wa kukimbiziwa msaada.

Na kuna wa tatu, ambaye gemu imemfungua na kilichotoka ni kizito kuliko nyumba inavyoweza kubeba. Hali wiki nzima, anasema maisha hayana haja, anataja kuwafuata waliokufa. Huyo usimwachie msimuliaji wa kibandani wala mimi. Kwa mtoto, piga 116, laini ya Childline Kenya, bila malipo. Kwa yeyote, Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapokea 1199, nayo bila malipo. Mkae naye hadi mtu mwenye ujuzi aongee naye, na mwende naye kituo cha afya, mmoja wenu amshike mkono njiani.

Nimebaki na wenye vibanda, wenzangu. Najua hesabu yenu. Dakika ni pesa, na foleni ya mpira imesimama mlangoni ikipiga kelele. Gemu ya hadithi inakaa muda mrefu na inaleta sarafu chache, ndiyo maana wengi wenu hamzitaki. Wekeni moja hata hivyo, kwa asubuhi, wakati mashine zimelala. Wapeni vijana kadi ya kumbukumbu yenye jina lao juu ya plasta, na msiruhusu mtu mwingine afute sevu zao kwa ajili ya timu yake. Msomaji, yule anayetafsiri kwa wenzake, achezeshwe bure, kwa sababu anafanya kazi. Na ukimwona kijana ametulia mbele ya skrini, padi imeshuka kwenye magoti, wimbo bado unapiga, usimwambie muda wake umeisha. Waambie wa mpira wangoje. Mpe dakika tano, na usimtoze.